Chafya ya Dakika ya Kumi na Nne

Kila neno katika habari hii ni kweli, tangu la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa Mto Rhein, naapa kwa marehemu mama yangu, na kama mnaona hivyo ni viapo vyepesi, naapa kwa nguruwe aliyeko mezani hapa, ambaye hajawahi kumsamehe mtu.

Nguruwe mwenyewe ni wa kaure, ana ufa mgongoni, na anakaa katikati ya meza ya wazee katika baa moja ya Oberbilk, mjini Düsseldorf. Sheria yake ni moja: atakayekamatwa anadanganya, anamtumbukizia yuro. Novemba anafunguliwa tumbo, na wazee wanamla bata bukini wa sikukuu ya Mtakatifu Martin kwa uongo wa mwaka mzima.

Kwa miaka mingi mlishaji mkuu wa nguruwe huyo alikuwa Friedhelm Kuczera. Friedhelm Kuczera, fundi wa vigae mstaafu, umri miaka sabini na minane, mikono kama makoleo. Ni yeye aliyedai aliogelea kuvuka Rhein huku akipiga kodiani. Ni yeye aliyesema aliweka vigae bafuni kwa askofu, na askofu akakaa humo kuoga siku tatu kwa furaha, ibada zikaahirishwa. Kila mara meza ilipiga kelele, "Nguruwe!" naye alilipa akicheka.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo Friedhelm alilipia bila kucheka, kwa sababu lilikuwa kweli.

Mwaka 1972 vijana wa mji huu walitoa santuri iliyoitikisa dunia. Kundi lao liliitwa Trafohaus, yaani nyumba ya transfoma, na santuri ilikuwa na wimbo mmoja tu, "Mashine Inapumua", dakika ishirini na mbili na sekunde saba. Vinanda vya umeme vilivuma kama nyuki ndani ya bomba, na chini yake likaenda pigo moja lisiloyumba, du-du-ka, du-du-ka, mwanzo hadi mwisho. Dunia ikaambiwa kwamba pigo lile linapigwa na mashine, ya kwanza ya aina yake. Hata picha yake ikawekwa kwenye jalada: sanduku la mbao lenye taa nne nyekundu.

Sanduku lile halikuwa na kitu ndani ila betri ya kuwashia taa na mkate wa Friedhelm wa saa nne, umefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Aliyepiga alikuwa yeye. Kwa mikono yake, kwa vijiti viwili, sebuleni kwake, ghorofa ya pili, jasho likimtiririka hadi kwenye soksi.

"Friedel," kiongozi wao Eckart Vellmar alimwambia siku ile, huku akipangusa miwani yake, "watu wakijua ni fundi wa vigae anayetoka jasho, nani atanunua? Watu wanataka kesho. Wewe ni jana. Tutakutaja kwenye santuri ya pili."

Santuri ya pili ilipotoka walikuwa wameshapata mashine ya kweli. Friedhelm hakuitwa hata kubeba nyaya.

Miaka hamsini na mitatu mtu anaweza kuimeza, akiachwa aimeze kwa amani. Lakini Alhamisi moja Lothar, dereva mstaafu wa tramu na mlinzi wa nguruwe, alikunjua gazeti mezani, akatabasamu hadi meno ya bandia yakacheza.

"Friedel, ile mashine yako imepata filamu. Makala ya saa moja na nusu. 'Sanduku Lililobadili Dunia.' Itaonyeshwa sinema ya mtaa wa Bilk Jumamosi ya wiki ijayo, na Vellmar mwenyewe atakuwapo kujibu maswali."

"Si mashine, Lothar. Ni mimi."

"Nguruwe!" ikajibu meza nzima.

"Nimewaandikia barua tatu! Yule mtengenezaji wa filamu, Torben Lissek, nimemwandikia tarehe, nimemwandikia rangi ya zulia! Mnajua amenijibu nini? 'Asante, mpenzi wetu wa muziki.' Mpenzi! Mtu ananyang'anywa mkono wake mwenyewe, kisha anaitwa mpenzi!"

"Nguruwe, mzee. Usituzungushe."

Akalipa. Hebu fikirini, nyie watu mnaojiita wastaarabu: mtu analipa yuro kwa kusema kweli, na sarafu inaangukia juu ya sarafu ya kodiani, zote zinalia sauti ileile.

Jumapili jioni televisheni ikaonyesha kipande cha filamu hiyo. Friedhelm alitazama amekaa ukingoni mwa kiti. Alimwona Eckart, nywele nyeupe, miwani ya bei mbaya, akilipapasa lile sanduku kama mtu anayembembeleza farasi. Siku hizi sanduku linakaa jumba la makumbusho, ndani ya kioo, na hakuna ruhusa ya kulifungua, eti lisipoteze roho. Roho! Labda roho ya soseji ya maini. Kisha akaja profesa mmoja mwenye skafu.

"Sikilizeni dakika ya kumi na nne," akasema profesa, na pakasikika kwenye wimbo, *tshhh*. "Mashine inaachia mvuke. Na mwisho wake, dakika ya ishirini na mbili, pigo linakatika ghafla, katikati ya mwendo. Hapo tunashuhudia kifo cha zama za viwanda."

Friedhelm alirusha kiatu. Kilimpata profesa kwenye skafu, televisheni haikudhurika.

Halafu sauti ya msimulizi wa filamu ikasema kwamba haya yote yalirekodiwa "katika kiwanda kilichoachwa, kati ya kutu na panya".

Asubuhi yake Friedhelm alishuka ngazi akiwa hajalala, akamkuta Bi Adelheid Plönnes wa ghorofa ya tatu amepiga magoti anasugua ngazi, na haikuwa hata zamu yake. Bi Plönnes ana miaka tisini na miwili. Zamani alikuwa mpima muda wa klabu ya kuogelea, na saa yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni, hata kanisani. Kwa miaka hamsini na mitatu mazungumzo yao yalikuwa hivi: "Bwana Kuczera." "Bi Plönnes." Basi.

Siku hiyo mama wa watu aliinua brashi kama rungu.

"Umewaona?"

"Nimewaona, Bi Plönnes."

"Kiwanda kilichoachwa! Panya! Nyumba hii ina wapangaji wanane, na ngazi hizi nimezing'arisha tangu mwaka sitini na moja! Panya gani angethubutu?"

"Na mimi wamenigeuza sanduku. Mimi nili..."

"Nyamaza, sijamaliza. Unakumbuka nilivyoteseka kwa sababu yako? Du-du-ka, du-du-ka, wiki tatu, siwezi hata kusikia maji yangu yakichemka! Nateseka mimi, halafu wanasema alikuwa anateseka panya! Na wewe wanasema ni mashine! Mashine ningeigombeza? Ningeiandikia mwenye nyumba barua kumi na moja?"

Mtu mmoja duniani alijua kwamba aliyepiga ni Friedhelm, naye ni yule aliyetaka afukuzwe.

"Bi Plönnes," akasema polepole, "ulikuwa unaandika."

"Bila shaka nilikuwa naandika. Njoo juu. Vua viatu."

Kila mpangaji wa mji huu anajua kwamba ukienda kwa mwenye nyumba kulalamika kwa mdomo mtupu, utarudi na mdomo huohuo. Sharti uwe na daftari la kelele: siku, saa, aina ya kelele, nani, na kiwango cha usumbufu. Watu wengine huandika wiki mbili wakachoka. Bi Plönnes hakuchoka. Kabatini kwake, nyuma ya vikombe vya sikukuu, yalisimama madaftari sitini na mawili, yamepangwa kwa miaka.

Akampa kahawa, ya kwanza kati yao tangu waanze kuishi chini ya paa moja. Akavaa miwani. Akasoma.

"Jumanne, tarehe kumi na nne Machi 1972. Saa sita, dakika thelathini na saba, sekunde hamsini na tatu: Bwana Kuczera anaanza kupiga ngoma. Anapiga kwa mikono, namwona dirishani kwake, pale nyumba inapopinda kuzunguka ua. Waliopo naye: watatu wenye nywele ndefu. Saa sita na dakika hamsini na moja: Bwana Kuczera anapiga chafya. Hakosei pigo. Saa saba kamili: anaacha."

Maana kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana nyumba hupumzika. Ni sheria ya nyumba, imebandikwa mlangoni. Mwenye nyumba alikwisha kumwonya Friedhelm kwamba akiandikwa mara moja tena ndani ya saa hizo atalala nje na ngoma zake. Ndiyo sababu saa ya jikoni ilipofika saa saba, kijiti chake kilibaki hewani. Kifo cha zama za viwanda! Ilikuwa kumwogopa Bi Plönnes tu.

"Kiwango cha usumbufu," akamalizia mama, akifuata safu ya mwisho kwa kidole. "Haivumiliki." Akamtazama juu ya miwani. "Na bado nasema hivyo."

"Lakini uliandika sikukosea pigo."

"Niliandika kilichotokea, Bwana Kuczera. Kazi ya daftari ndiyo hiyo."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya Friedhelm ilikuwa imehifadhiwa na adui yake, kwa kalamu ya wino wa buluu, ikanyooka kuliko barua zake tatu.

Jumamosi saa tano asubuhi sinema ya Bilk ilijaa pomoni. Wazee wa meza walikuja pia, Lothar kavaa tai, wengine wamekuja kwa ajili ya kumcheka Friedhelm. Filamu ikaonyeshwa yote, na kutu yake na panya wake. Ilipokwisha taa zikawashwa, na jukwaani wakakaa Torben Lissek mwenye kofia nyeusi, Eckart Vellmar mwenye miwani yake, na katikati yao, juu ya kitambaa cheusi, sanduku lenyewe, limetolewa makumbusho kwa heshima ya siku hiyo. Kando alisimama mlinzi wake, dada mmoja mwenye glavu nyeupe.

"Kuna swali?" akauliza Torben.

Hapo ndipo Friedhelm Kuczera aliposimama. Na aliposimama, wandugu, ukumbi mzima uligeuka. Sauti yake ilitoka kifuani kama king'ora cha meli ya makaa.

"Lipo! Tangu lini sanduku likapiga chafya?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu yeye hakucheka. Akapanda jukwaani. Akalikunjua daftari la Bi Plönnes, akalisoma kwa sauti ile, neno kwa neno, na ukumbi ukawa kimya hadi mtu akisugua kidevu unasikia. Aliposoma saa ya kuanza na saa ya kuacha, mwanamke mmoja wa safu ya pili alipiga hesabu kwenye simu yake, akaruka juu.

"Dakika ishirini na mbili na sekunde saba! Inalingana! Sekunde kwa sekunde!"

"Na chafya?" akauliza mwingine.

"Inaangukia dakika ya kumi na nne!"

Torben alivua kofia. Friedhelm akamgeukia Eckart. "Miaka hamsini na mitatu, Eckart! Mikono hii imekulisha, imekujengea nyumba, imekununulia hiyo miwani! Na wewe ukanipeleka makumbusho nikiwa hai, tena kama kabati! Uliniambia mimi ni jana. Sawa. Basi jana imekuja, iko mbele yako, isalimie!"

Eckart alivua ile miwani. Kisha akasema, taratibu, kwenye kipaza sauti, "Saa saba kamili. Nakumbuka. Nilimwambia aendelee kidogo tu, akasema hapana, yule mama atanifukuzisha." Akatikisa kichwa. "Ni yeye. Muda wote ni yeye."

"Lifungueni!" ukumbi ukapiga kelele. Dada wa glavu nyeupe akasitasita, akatafuta bisibisi, akalifungua. Na ndani yake, nyinyi mliokuwa na shaka, ndani yake mlikuwa na mkate wa Friedhelm Kuczera wa mwaka 1972, mzima, na soseji ya maini katikati, mgumu kama kigae lakini umbo lake kamili, na alama ya meno upande mmoja, na meno ni yake!

Kisha Friedhelm akalifunika sanduku lile, akakunja mikono ya shati, akatoa vijiti viwili, akalipiga. Du-du-ka, du-du-ka. Alipiga dakika ishirini na mbili na sekunde saba, mzee wa miaka sabini na minane, bila kukosea hata pigo moja, na watu wote walikuwa wamesimama, wengine juu ya viti, hadi saa saba ilipogonga, kijiti kikabaki hewani kama siku ile. Torben akalia machozi. Akaahidi mbele ya wote kwamba filamu itakatwa upya, kiwanda na panya watatoka, na mwishoni pataandikwa kwa herufi kubwa: Mapigo, Friedhelm Kuczera, kwa mikono yake.

Hivyo ndivyo habari ilivyosimuliwa mezani Alhamisi iliyofuata, mbele ya nguruwe, na wazee wakaisikiliza bila kukatiza, hata Lothar aliyekuwapo ukumbini kwa macho yake. Ilipokwisha, Lothar alikohoa.

"Kwa ile ya mikono," akasema, "tumekukosea, Friedel. Tumekutoza yuro zako bure miaka yote hii. Tungekurudishia, ila bukini tulishamla."

"Samehe, mzee," wengine wakaitikia, na mmoja akampigapiga bega.

"Kwa mengine," akaendelea Lothar, "sisemi kitu. Nimemleta mtu wa kusema."

Alikuwa Bi Plönnes. Alikaa mwisho wa meza, begi mapajani, bilauri yake ameifunika kwa kile kikaratasi kigumu cha chini ili mhudumu asimwongezee. Akafungua begi akatoa daftari. La sitini na tatu, jipya. Friedhelm Kuczera akasikia masikio yake yakipata moto.

"Jumamosi iliyopita," akasoma. "Saa sita na dakika arobaini na mbili: Bwana Kuczera anasimama. Anafungua kinywa. Hakuna sauti. Dakika arobaini na tatu: anakaa. Analia. Dakika arobaini na nne: naenda jukwaani mwenyewe na daftari, nasoma. Namwambia Bwana Vellmar aone haya."

"King'ora cha meli ya makaa," akanong'ona mtu.

"Sanduku linafunguliwa. Ndani: betri moja iliyooza, vumbi, kipande cha karatasi ya mafuta. Mkate hakuna."

"Na alama ya meno je, Bi Plönnes?"

"Mkate hakuna, Bwana Lothar, meno yatoke wapi? Saa sita na dakika hamsini na sita: Bwana Kuczera anapanda jukwaani kwa kushikwa mkono. Analipiga sanduku kwa vidole. Muda: dakika nne. Anakosea mara mbili. Hakuna aliyesimama juu ya kiti, viti vya sinema vinajikunja vyenyewe. Saa saba kamili: anaacha mwenyewe, bila kuambiwa. Mtengenezaji wa filamu anaahidi kuandika jina lake. Ameweka sahihi hapa chini, nimemtaka aweke."

Akaligeuza daftari meza ione. Sahihi ilikuwapo. Lothar akainama, akalichungulia vizuri.

"Hii safu ya mwisho, ya usumbufu. Mbona umeiacha wazi?"

Bi Plönnes akalifunga daftari. "Sikuwa na cha kuandika."

Macho yote yakanigeukia mimi. Naam, mimi. Mlidhani ni nani mwingine angelitaja jina la Friedhelm Kuczera mara nyingi namna ile? Mtu akifutwa jina miaka hamsini na mitatu, siku akirudishiwa atalisema hadi limkaushe koo, na akishaanza kulisema hawezi kuacha kulipamba.

"Nguruwe," akasema Lothar, kwa upole kabisa. "Sauti, mkate, na dakika ishirini na mbili. Tatu."

Sikubisha. Nimebisha kutosha mwaka huu. Nikatoa yuro tatu, nikazitumbukiza moja baada ya nyingine mgongoni mwa yule mnyama, na Bi Plönnes akaishika saa yake ya shingoni, akabonyeza, akasikiliza hadi ya tatu ilipotua.

"Sawa," akasema. "Hukukosea."